Wali Usio na Chumvi

Mimi si mpishi. Nauza vipuri vya pikipiki karibu na soko la Bunia, na jikoni kwangu nilikuwa nafika mlangoni tu, kuulizia maji ya moto ya kuoga. Chakula ninachokijua kupika mpaka leo ni kimoja, wali na vitunguu. Nilifundishwa na mama mkwe wangu, akiwa na bandeji kwenye jicho moja, amekaa upande wa pili wa ua wa matete, bila kuniambia hata neno. Maneno yote alimwambia kuku.

Afadhali nianze mwanzo. Watu wa mke wangu ni wa upande wa Gety, wafugaji na wakulima, wako Ituri hii tangu zamani. Sisi tulitoka Butembo nikiwa bado mtoto, baba akifuata biashara. Kwao, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawapeani mkono, na hawaongei ana kwa ana. Tena mama hali chochote cha kwa mkwewe, mpaka siku ndugu za mume watakapokuja na mbuzi wa kufungua kinywa. Mbuzi huyo anachinjwa, watu wanakula pamoja, na tangu siku hiyo mama anaweza kula na kuongea mle ndani kama kwa mwanawe wa kumzaa. Kabla ya hapo kulala ruhusa, kula marufuku. Msiniulize sababu, sheria sikuitunga mimi.

Nilikuwa na miaka tisa ya ndoa. Mahari nilitoa, kanisani tulikwenda, picha ziko ukutani. Mbuzi sikuleta. Si kwamba nilimkosa, mbuzi wamejaa Bunia. Niliona tu kwamba ni mambo ya kizamani, na mimi ni mtu wa mjini, mkristo, mwimbaji wa kwaya. Siku moja nilimweleza mke wangu hayo yote kwa kirefu. Alikuwa anakunja nguo, hata hakuinua kichwa.

"Mungu alikatazaka heshima siku gani?" akaniuliza.

Nilikasirika, nikachukua funguo za duka. Ndivyo nilivyo. Nikishindwa mabishano nakumbuka nina kazi dukani.

Mwaka jana, wakati wa mvua, mama mkwe aliletwa Bunia kufanyiwa upasuaji wa jicho. Walipomtoa hospitali, daktari alituambia wazi: asiiname, asikae penye moshi, na vidonge vyake ameze asubuhi na jioni baada ya kula. Vidonge vikikatika, jicho linaweza kuharibika lote. Jicho la pili lilikuwa limeshafifia kitambo, linaona kivuli tu. Kwa hiyo hilo lililofungwa ndilo alilokuwa nalo duniani.

Tulimpa chumba cha nyuma chenye mlango wake. Mke wangu alikwenda kupika kwa jirani, kwenye moto wa jirani, kisha akamletea mama yake. Mimi nikipita uani nilikohoa kwanza, naye akajifunika kitenge na kugeukia ukuta. Siku nne mambo yalikwenda hivyo vizuri tu. Siku ya tano mke wangu, ambaye anauza samaki, ilibidi ateremke Kasenyi kuchukua mzigo uliokuwa unamngoja ziwani. Alisema atalala siku moja. Jirani aliahidi kupika.

Jirani alipika siku hiyo, mchana na jioni. Usiku akapigiwa simu ya matanga kutoka Mahagi, na kulipokucha alikuwa ameshafunga nyumba na kupanda pikipiki. Mvua nayo ilikuwa imenyesha hadi alfajiri. Saa tatu mke wangu akanipigia kutoka njiani.

"Gari imekwama mu matope, batu biko banachimba. Mama alikula?"

"Alikula," nikamwambia.

Sijui kwa nini nilidanganya. Labda nilidhani uongo huo ungegeuka kweli baada ya nusu saa. Nilikwenda nikanunua mkate na kuchemsha chai yenye maziwa, nikaweka kwenye kigoda mlangoni pa mama, nikakohoa, nikaondoka. Niliporudi kikombe kilikuwa kimejaa vilevile, kina utando juu. Mkate haukuwepo. Nilifurahi, mpaka nilipomsikia akiongea ndani ya kitenge chake.

Kwenye baraza ya chumba kile kulikuwa na kuku wetu mwekundu, ameatamia mayai ndani ya kikapu. Watoto wetu wangekuwepo wao ndio wangebeba maneno kati yetu, lakini walikuwa likizoni kwa dada yangu Butembo. Akabaki kuku.

"Weye kuku," mama alimwambia, "ambia batu ba hii nyumba aksanti sana. Mukate ilikuwa mutamu. Umekula yote."

Jioni nilileta sahani ya maharagwe na wali kutoka kwa mama mmoja anayepikia watu sokoni. Huo si moto wangu, nilijiambia, hapo sasa atakosa sababu. Kuku akaulizwa nani amelipa ile sahani. Kuku hakujibu na mimi sikujibu. Sahani ikabaki. Nilitaka kumpeleka kula kwenye nyumba nyingine za mtaani, na kuku akaambiwa kwamba mama wa watu hawezi kutembea mtaani kuomba chakula, watu wasije wakasema binti yake hakuolewa mahali pa maana. Nililala nimekasirika. Nilisema peke yangu chumbani, kwa sauti, kwamba kama mtu anataka kuwa kipofu kwa sababu ya mbuzi, mimi nifanye nini.

Asubuhi nilimwona akienda msalani. Alikuwa anashika ukuta kwa mikono yote miwili, anasimama, anavuta pumzi, anasogea tena. Hasira ikaniishia pale pale, nikabaki na hofu. Aliporudi na kukaa, nikamsikia.

"Kuku, ile kinini ya docteur haitake tumbo ya wazi. Jana nilimeza, nikatapika yote. Leo siwezi."

Nikachuchumaa nyuma ya pembe ya nyumba, mahali asiponiona. Nilitazama kwanza kama hakuna mtu barabarani. Halafu, kwa mara ya kwanza maishani, mimi mwenye duka, niliongea na kuku.

"Kuku," nikasema, "uliza mama anaweza kukula nini."

Kuku akatikisa mabawa kidogo.

"Kuku," mama akasema polepole, "nitakula kitu yenye haiko ya mukwe, ku moto yenye haiko ya mukwe. Ni vile tu. Haiko kasirani."

Haikuwa hasira, na ndiyo hiyo iliyonichoma. Mtu mwenye hasira unaweza kugombana naye. Huyu alikuwa anashika heshima yangu mimi, heshima ya mkwe, kwa njaa yake mwenyewe.

Nikaingia ndani, nikaanza kuizunguka nyumba yangu nikitafuta kitu kisicho changu. Hamjui ni kazi gani hiyo. Miaka yote nilitembea mle ndani nikijisifu kwamba kila kijiko nimekinunua mimi, na sasa kila nilichoshika kilinikatalia. Unga wangu, sukari yangu, maharagwe yangu. Makaa yangu, na mbabula ya kuwashia makaa yangu pia. Kwenye kona nikakuta mfuko wa mchele. Huo mke wangu aliununua kwa pesa ya samaki wake, nilikumbuka kwa sababu tulibishana kuhusu bei. Karibu yake chupa ya mafuta ya mawese, ambayo mteja wake mmoja alimpa. Na juu ya msumari, vitunguu. Fungu zima la vitunguu vyekundu, vimefungwa kwa majani yake, mama mwenyewe alivileta kutoka shambani kwake Gety kama zawadi ya binti yake. Sufuria ndogo aliyokuja nayo, yenye kifuniko kilichopinda, ilikuwa chini ya kitanda cha chumba cha nyuma, na ndani yake kisu na mwiko wake.

Mchele wa mke, mafuta ya mke, vitunguu vya mama, sufuria ya mama. Maji ya mvua ndoo nzima, na mvua haikuwa ya mtu. Ulibaki moto. Nikachukua mawe matatu nikayapanga nje ya ua, kando ya barabara. Nikaokota matawi ya mkaratusi yaliyoangushwa na upepo. Nilipotoa kiberiti mfukoni nikakitazama, nikakirudisha. Kilikuwa changu. Nikaenda kuomba kaa la moto kwa mama anayechoma mahindi kwenye njia panda, naye akanipa kwenye kipande cha bati huku akinitazama kama mgonjwa.

Nikarudi uani, nikakohoa.

"Kuku, kuna moto nje ya lupango, ku barabara. Haiko yangu. Kila kitu naileta haiko yangu. Lakini mupishi hayuko."

Mama akageuza sikio upande wa barabara.

"Kuku," akasema, "miye sitaona moshi. Lakini masikio yangu haikupasuliwa."

Akatembea mwenyewe kwa kushika ukuta, akakaa ndani ya ua, mgongo kwenye matete, upande ambao moshi hauendi. Kisha akabaki tu, hasemi. Nikangoja. Mwishowe nikaelewa, nikarudi barazani, nikabeba kikapu na kuku na mayai yake, nikakiweka karibu naye nikiwa nimegeuza uso. Kuku alinidonoa mara mbili. Nikatoka nje ya geti, nikachuchumaa mbele ya mawe yangu matatu, na tukaanza kupika.

Nilikata kitunguu cha kwanza.

"Kuku, ule mutu iko anapasua kuni?"

Nikakata vyembamba zaidi. Alinisikiliza hadi kisu kikampendeza. Akaagiza mafuta, si mengi, yapate moto mpaka yaache kunuka ubichi. Halafu vitunguu viingie vyote, niondoe kuni moja, nisiwe na haraka. Mimi nilitaka kumwaga mchele mara moja, nimalize, nitoke barabarani.

"Kuku, apana. Bitunguru biko binalia bado. Biko na maji. Angoje."

Nikainamisha sikio. Kweli vilikuwa vinalia, sauti nyembamba, nyingi. Sikuwahi kujua kwamba vitunguu vina sauti. Wakati nasikiliza, pikipiki ikapunguza mwendo. Alikuwa ni mteja wangu, juzi tu nilimuuzia mnyororo.

"Patron! Bibi alikufukuza?"

"Endesha pikipiki yako," nikamwambia.

Akacheka mpaka kwenye kona. Wakapita wanawake wawili na mabeseni ya ndizi, wakasimama kabisa.

"Papa, sahani unauzisha ngapi?"

Nilitaka kuwatupia mwiko. Nyuma ya matete nikasikia kitu kama kikohozi, na mpaka leo nasema mama mkwe wangu alikuwa anacheka. Uso ulinipata moto, na si wa kuni. Lakini sikunyanyuka. Nikinyanyuka vitunguu vitaungua, na nilikuwa na fungu moja tu la vitu visivyo vyangu.

"Sasa binanyamaza," akasema. "Kuku, ni hapo."

Vilikuwa vimekuwa rangi ya kahawia, vimelegea, na harufu yake ilijaza barabara. Niliingiza mchele uliooshwa, nikaugeuza geuza mpaka uliposikika chini ya mwiko kama mchanga mkavu. Akasema maji. Akasema yapande juu ya mchele kiungo kimoja cha kidole, kidole cha mwanamke, kwa hiyo nikapunguza kidogo.

"Kuku, na chumvi?"

Hapo nikasimamisha mwiko. Chumvi ya mke wangu, ile ya samaki, aliondoka nayo Kasenyi gunia zima. Iliyokuwa ndani ni pakiti niliyonunua mwenyewe Jumatatu, nikiwa natoka dukani. Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimeshamdanganya binti yake kwa simu, na kuku asingenishtaki. Lakini nilimsikia akipumua kwa shida upande wa pili, amekaa kunisubiri, ananiamini kila nilichotaja kwamba si changu. Sikuweza.

"Kuku," nikasema, "chumvi ni ya mwenye nyumba."

Kuni zilipasuka pasuka. Mtu alipita akisukuma baiskeli.

"Basi tuache chumvi," akasema.

Nikafunika sufuria kwa jani la mgomba na kile kifuniko kilichopinda, nikavuta kuni zote, nikaacha makaa tu. Nilifunua mara moja kuchungulia, nikasikia: "Kuku, nani anafungua? Afunike." Sikufunua tena.

Ulipoiva niliweka sufuria juu ya jani, nikaisukuma chini ya matete, pale kuku wanapopitia. Nikaona mkono wake ukiishika. Nilikaa chini kwenye udongo, mgongo kwenye ua. Tulikuwa tumepeana migongo, matete katikati. Nikasikia akiomba kwa sauti ndogo, kisha nikamsikia akila. Alikula polepole sana. Baadaye nikasikia kikaratasi cha vidonge kikipasuka, na maji, na akameza. Nilingoja nisikie kutapika. Hakutapika. Sitasema kwamba ni moshi, nililia pale barabarani, na mama wa mahindi aliniona.

Halafu sufuria ikarudi kupitia tundu lile lile. Nusu ilikuwa imebaki, imesawazishwa vizuri.

"Kuku, mupishi naye aliamuka na njaa."

Nikala kwa mkono. Wali ulikuwa umeiva, punje zimeachana, vitunguu vina utamu ambao sikuutegemea, na kwa chini umeshika kidogo na kunukia moshi. Lakini kila tonge nililotia mdomoni lilisimama njiani. Ulimi ulikuwa unangoja kitu, na hakikuja. Nikaendelea kula nikingoja. Ndipo nikakumbuka safari zote alizokuja kumsalimia binti yake, miaka tisa. Alifika asubuhi na kuondoka mchana, kutoka Gety mpaka hapa na kurudi, hata maji yetu hakunywa, na mimi jioni nilisema yule mama ana majivuno. Nilidhani mimi ndiye ninayekataa mila. Kumbe mimi nilikuwa nakula kila siku, aliyekuwa anakaa na njaa ni yeye. Niliona haya, na haya hiyo sikuweza kwenda nayo dukani.

Nilimaliza sufuria yote. Kisha nikatoa simu, nikampigia kaka yangu mkubwa Butembo, nikamwambia watafute siku, waje, kuna mbuzi. Akaniuliza umeumwa?

Mke wangu alifika kesho yake mchana, na matope mpaka kwenye nywele. Tulikuwa tumeshapika mara mbili zaidi, kuku, mama na mimi. Alikimbilia chumba cha nyuma kabla ya kushusha mzigo. Nikamsikia akimuuliza mama yake amekula nini na nani alipika.

"Kuku," mama akamwambia.

Nilimwambia mwenyewe jioni, pamoja na ule uongo wa simu. Alinitazama kwa muda mrefu. Sikwenda dukani.

Ndugu zangu walikuja baada ya miezi miwili, njia ilipokuwa nzuri. Mbuzi alikuwa mweupe mwenye madoa. Nyumba ilijaa watu wa pande zote mbili, Kinande chetu huku, lugha ya Gety huku, na Kiswahili katikati. Bandeji ilikuwa imetoka zamani na jicho limepona. Wanawake walipika nyama, ndizi, sombe ya majani ya muhogo, lakini niliwaambia wali waniachie. Wakacheka, wakaniachia. Nikaupika mwenyewe ndani, kwenye mbabula yangu, kwa makaa yangu, nikiwa nimeinamisha sikio kusikiliza vitunguu.

Mama mkwe alikaa kwenye kiti cha mbele. Wazee walipomaliza maneno yao, sahani ya kwanza ikawekwa mapajani pake, nyama na wali. Aliiacha nyama. Akachukua tonge la wali, akatia mdomoni, akatafuna, akameza. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mwiko mkononi, sijui pa kuutua. Akainua kichwa, akanitazama usoni kwa lile jicho zima, kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake. Kuku hakuwepo.

"Mwana," akaniambia, "lete chumvi."

Nilikuwa nimepika kama nilivyofundishwa. Nikakimbia kuileta.